Namba Aliyoimung'unya Neema

Mama yangu mpenzi,

Neema nimemnyang'anya kalamu sasa hivi, amenuna, amenigeuzia mgongo. Anaota meno, kila kitu mdomoni. Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Mihogo mmeshaivuna? Sisi tu wazima, ila kichwa changu kimevurugika.

Unasema nitoke kambini nirudi nyumbani Runazi, huku huku Tanzania. Mama, tulipokimbia vita kwa wakwe zangu Burundi nilipotezana na Anselmi njiani. Nikiondoka hapa mume wangu atanitafuta wapi? Na juzi dereva wa lori la maji aliniletea kipande cha boksi la sabuni kilichopita mikono mingi. Mwandiko wa Anselmi! Yu hai, yuko kambi nyingine, hakutaja ipi. Kaandika namba ya kadi yake ya chakula, tarakimu saba, na chini yake: "Inagawanyika kwa tisa, haibaki hata moja. Umeona bahati yetu?" Unamjua mkweo na michezo yake ya namba.

Karani wa ofisi ya kambi alishasema namba inatosha kumtafuta mtu. Basi nikaifunga kwenye pindo la khanga begani, kama tunavyofunga hela ya chumvi. Neema mgongoni akalimung'unya pindo njia nzima. Kufungua ofisini: 4, 1, 7, kisha doa la mate, kisha 2, 6, 8. Nililia pale pale kwenye foleni.

Jirani yetu Mwalimu Bonifasi, mkimbizi mwenzetu, akanicheka. "Unalia nini? Si mumeo kasema inagawanyika kwa tisa?" Akajumlisha zilizobaki, ishirini na nane. "Namba ikigawanyika kwa tisa, jumla ya tarakimu zake nayo hugawanyika kwa tisa. Ongeza nane, thelathini na sita. Iliyofutika ni nane."

"Mwalimu, hiyo ni milioni nne na ushee. Unaijuaje kwa vidole?"

"Hata uzipangue tarakimu, tisa haibakizi kitu."

Hapo ndipo nilipopotea, Mama. Nyumbani nikajaribu kwa maharage. Punje thelathini na sita, tisa tisa, hakuna iliyobaki. Sitini na tatu, hakuna. Thelathini na nane, zikabaki mbili. Ni kweli, lakini kwa nini? Darasa langu la nne halikufika huko, na maharage ya milioni nne sina. Tena, kama Anselmi alikosea kugawanya, si tumemwita mume wa mtu? Mwalimu anasema, "Basi utachagua mmoja, Mama Neema."

Karani kaiandika na nane katikati. Leo wanaita kambi zote kwa redio, Mwalimu yuko huko anasikiliza. Sijala tangu asubuhi.

Nisalimie kaka mkubwa, asiuze mbuzi wa Neema. Shangazi msuka mikeka naye, na Bibi, mwambie meno ni manne sasa. Mimi mwanao nisiyekata

Ngoja Mama, Mwalimu anakuja mbio, anapiga kelele njia nzima: "Mama Neema! Mlete huyo mla namba! Baba yake yuko redioni, anauliza kama umeiona bahati yenu!"