Namba Mia na Arobaini

4 Februari

Kinda, mdogo wangu,

U hali gani? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua bado, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Wifi yako na watoto wanakusalimu. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kufokeana. Barua hii nimempa mhudumu wa ndege ya saa tatu, ataiacha kwenye kijisanduku chako cha kazini.

Basi tumeolewa. Shirika lenu kubwa limelichukua letu dogo, na jana tuliitwa karakana kusikiliza hotuba. Mafundi wanasema sisi ndio mke mdogo, tumeingia nyumba yenye mwenyewe, na watoto wetu tisa, zile ndege za pangaboi, hawatakiwi. Watano watauzwa. Wanne watabaki, na mmoja wameshaanza kumkwangua rangi mkiani.

Mimi nina mistari minne ya kepteni begani na miaka kumi na mbili kwenye pangaboi. Wewe una mitatu, lakini ya jeti. Leo rubani wenu mmoja aliingia chumba chetu cha mapumziko, akalitazama birika letu la chai, akacheka. Nilisikia wivu, sikufichi. Na sisemi wivu wa birika.

Kaka yako

12 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi hautoshi. Mwambie Mama pole ya goti, na wanangu wabusu mmoja mmoja, usimruke yule anayenuna.

Umeiona orodha? Wametupanga marubani wote wa pande mbili kwa tarehe ambayo kila mtu alipasi mtihani wake wa kuanza kazi. Mwenye namba ndogo anachagua kituo na kiti kwanza, wa nyuma wanaokota kilichobaki. Watabakizwa mia na hamsini tu. Mimi ni wa mia na arobaini. Wewe ni wa mia na arobaini na moja. Nimekutangulia, babu wewe! Nilicheka mpaka mwenzangu akauliza kama nimechanganyikiwa.

Unaukumbuka mlango wa kabati la Mama? Nilikuwa nimeanguka mtihani, injini ya kushoto imenizimikia nikaduwaa, na wewe ukapasi wako wiki iliyofuata. Ukauchora ule mlango kwa chaki kama chumba cha rubani, kila swichi na kila saa ya kipimo mahali pake, ukanikalisha mbele yake kila siku mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Niliporudia nikapasi, lakini karani alishaandika kwenye faili tarehe ya siku niliyoanguka, nami nikanyamaza. Ni wewe peke yako unayejua. Mama anachojua ni kwamba tulimchafulia kabati.

Mdogo wako, Kinda

17 Februari

Kinda,

Hatujambo. Umenitangulia na unacheka. Sawa, cheka.

Kituo cha hapa nyumbani kimebakiziwa viti viwili vya kepteni. Kimoja amekitaka mzee wetu wa namba sitini. Hicho cha pili wengine wa juu yetu hawakitaki, kwa hiyo kitapita mbele yako kabla ya kunifikia mimi. Ukikitaka, utavaa mstari wa nne katika mji wa Mama, nami nitavua wangu niende kituo cha mbali kuwa msaidizi, nimsomee orodha ya ukaguzi mtu niliyeanza kuruka kabla yake. Na Mama nani atampeleka mazoezi ya goti?

Mimi ndiye niliyetaka kuruka. Wewe ulikuwa unanifuata tu, kama ulivyonifuata shuleni, kisha ukifika unapewa kikubwa kuliko changu. Ulipewa chumba chenye dirisha. Ukapewa jeti. Sasa namba. Nina wivu, Kinda, mpaka chakula hakishuki, na wifi yako anadhani naumwa.

Sitakuomba. Niambie tu umechagua nini.

Kaka yako

25 Februari

Kinda,

Siku nane hata neno. Muda wa kuweka pingamizi juu ya orodha unakwisha kesho saa sita mchana, kwa hiyo naona umeamua kukaa kimya mpaka upite.

Wahudumu wa ndege ya asubuhi wamesema walikuona kwa fundi cherehani, umeshika koti jipya la shirika, lina mistari minne, na unacheka. Jibu langu nimelipata. Mama anakusalimu. Mimi sina salamu.

Kaka yako

8 Machi

Kaka,

Shikamoo. Samahani sana. Nilikuwa safari ya mafunzo, na vijisanduku vyetu vilihamishiwa jengo jipya pamoja na ofisi nzima. Barua zako mbili nimezikuta leo, nimezisoma nimesimama koridoni na begi begani.

Hivi wewe una wazimu? Fomu niliijaza siku ileile niliyokuandikia. Niliomba kituo cha mbali, msaidizi wa jeti, kama nilivyo sasa. Kiti cha nyumbani sikukiandika kabisa. Kile ni chako, nani asiyejua? Sikukwambia kwa sababu nilitaka uone jina lako ubaoni kwanza, ndipo nije nikuchokoze mbele ya Mama.

Na lile koti ni lako. Nilimpa fundi vipimo vyako, mabega nikayakisia. Nilicheka kwa sababu aliniuliza kama huyu mume wangu ni mnene namna hii kweli.

Kuna jambo moja linanikosesha raha. Kuna mtu ameweka pingamizi juu ya tarehe yangu, bila jina. Anasema nilipasi miezi mitatu baada ya tarehe iliyo kwenye faili, na ametaja mpaka injini ya kushoto. Kesho naitwa kikaoni. Katika miezi ile mitatu shirika letu liliajiri marubani kumi na wawili. Ongeza na wewe. Wote mkinipita, nakuwa wa mia na hamsini na tatu, na wanaobakizwa ni mia na hamsini.

Niombee.

Mdogo wako, Kinda

10 Machi

Kinda, mdogo wangu,

Barua yako imefika leo. Kikao kilikuwa jana.

Ni mimi. Niliandika zikiwa zimebaki dakika ishirini, ndani ya choo cha karakana, karatasi juu ya goti. Nilidhani utateremka nafasi moja tu, ukae nyuma yangu, basi. Hao kumi na wawili sikuwafikiria. Orodha ilikuwa na majina chungu nzima, mimi nilikuwa naliangalia moja.

Nimekwenda ofisini mbio kuliondoa pingamizi. Karani akasema huondolewa na aliyeliandika, nami sikuweka jina. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ni langu. Akasema hata likiwa langu, tarehe ya kweli sasa wanaijua.

Nipigie simu, tafadhali. Nifokee.

Kaka yako

2 Aprili

Kinda,

Hujambo? Simu yako haipokewi. Orodha ya mwisho imebandikwa, mimi ndiye wa mia na arobaini. Koti limefika kwenye mfuko, bila karatasi ndani. Linanikaa sawasawa. Mama anauliza mbona huandiki, na mimi namwambia uko safarini.

Kaka yako

19 Juni

Kaka,

Nimeongea na Mama, goti lina nafuu. Wifi na watoto nimesikia hawajambo. Mimi nafundisha chuo cha marubani. Somo langu ni injini iliyozimika.

Mama aliniuliza kwa nini nimeachishwa kazi. Nimemwambia ni mambo ya mashirika kuungana. Akikuuliza, sema hivyohivyo. Siri yetu ya kwanza uliitoa, hii ya pili naomba uitunze, kwa ajili yake.

Jumanne nilipanda ndege yako, kiti cha nyuma kabisa. Nilikusikia ukijitambulisha kwa abiria, sauti imetulia, sauti ya mtu aliyepata mahali pake. Nilikaa nikisubiri wivu uje, nami nionje ulichokionja wewe. Haukuja. Ulitua vizuri, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Wakati wa kushuka, mhudumu wa mlangoni alikuwa na orodha ya abiria mkononi. Akanishika mkono, amefurahi kwelikweli. Akasema, "Dada, mbona jina lako la ukoo ni moja na la kepteni wetu? Ni ndugu yako? Subiri basi nimwite."

Nikamwambia majina hufanana.