Plau Isiyo Yangu

KITUO CHA POLISI, KIOMBOI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Damari Nathanaeli
Umri: Miaka 34
Kazi: Mshonaji na mkulima
Makazi: Kinampanda, kwa wifi yangu
Tarehe: 16 Agosti 1972

Mimi ni mjane. Huu ni mwaka wa tatu nalala chumba kimoja na watoto wa wifi, na cherehani yangu imefunikwa gunia. Natamani mlango wangu mwenyewe. Sioni haya kulisema hata hapa polisi.

Mnamo tarehe 7 Agosti, saa nne asubuhi, nilifika hapa Kiomboi kwa Bibi Lea, mwenye chumba cha kupangisha. Dirisha lake linatazama barabara. Nilisimama pale nikapima kwa macho cherehani itakaa wapi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mpangaji aliyetoka alinikimbia na kodi. Niletee barua ya chama cha ushirika kwamba hudaiwi. Nakungoja mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na tisa."

Nilipoiomba barua hiyo, karani wa chama chetu, Bwana Alphonce, akaandika kwamba nadaiwa plau, shilingi mia moja na themanini. Plau hiyo aliikopa shemeji yangu Andrea, mdogo wa marehemu mume wangu. Chama kilipogawa plau, karani hakuandika majina papo hapo. Alipita baadaye nyumba kwa nyumba, akakuta maksai wa kuivuta wamo kwenye zizi ninalolitunza, akaandika jina langu. Maksai ni wa Andrea. Kwetu mtu huweka ng'ombe kwa ndugu na hajitangazi, hasa siku hizi, asije akaitwa kabaila kwa wingi wa mifugo. Nami nilinyamaza kumsitiri.

Nilipomwambia karani amekosea, alijibu, "Kitabu hakisemi uongo." Nikamwambia kitabu hakina mdomo, mwenye mdomo ni aliyekiandika. Akanifukuza.

Jana tarehe 15, saa tatu asubuhi, nilirudi ofisi ya chama pamoja na Andrea. Alisema mbele ya watu zaidi ya kumi, "Maksai ni wangu, plau ni yangu. Mfute shemeji." Nilitaka kulia, maana najua neno hilo lilivyomgharimu. Karani akacheka. "Mjane kapata wakili! Kitabu kimeshakwenda mkoani Singida. Ngojeni msimu ujao." Ndipo wakashikana, na karani akang'oka jino.

Nimeulizwa nani alianza kupiga. Ni Andrea. Karani hakuinua mkono. Inaniuma kusema, kwa sababu Andrea ndiye mtu pekee aliyenisemea. Lakini siwezi kudai niandikwe ukweli, halafu nimwandikishie karani uongo.

Nimesomewa haya yote. Ni maneno yangu, sina la kupunguza.

Sahihi: Damari Nathanaeli

Maelezo ya askari: Nimeandika mimi, Konstebo Isaka, saa 7.20 mchana. Shahidi ameomba nakala ya maelezo haya ampelekee Bibi Lea, kwa kuwa humu imeandikwa plau si yake. Nimemweleza haitolewi kabla ya kesi, na kesi ni tarehe 4 Septemba. Ameuliza iwapo Bibi Lea akija mwenyewe kituoni anaweza kusomewa. Nimemjibu hapana.