Arobaini Yako na Ukimya wa Seva ya Mikumi

Shikamoo, Fundi Shabani.

Najua una kinyongo nami: arobaini yako sikuonekana. Ngoja nijieleze kwanza, kunilaumu utanilaumu baadaye.

Asubuhi ile nilikuwa Mikumi, nimeshavaa kanzu ya kuja kwako, watu wa mizani ya kiwanda cha sukari Kidodi wakapiga simu. Umeme ulikatika, na uliporudi orodha ya zamu za miwa haikurudi. Pale mizani hawapitishi lori ambalo jina la mkulima wake halipo kwenye kompyuta. Na miwa ya watu ilichomwa majani jana yake ili ikatwe. Unajua mwenyewe, ikishachomwa haisubiri mtu. Ikilala inachacha, na jasho la mwaka mzima limepotea.

Seva kuu iko Kilosa, ya akiba Mikumi, na Kidodi inachukua majina kwenye ya akiba, ulivyopanga wewe ili seva kuu isilemewe. Nikaanza kuunda upya kiungo cha kupeleka majina Kidodi. Kimya. Halikuja kosa, hakikusogea kitu. Nikakata, nikarudia, mara tatu. Nikazima mashine nzima, ujinga ambao wewe ungenizabia kofi. Simu inaita bila kukoma. Nilikukasirikia, Fundi, kwa kufa kabla hujamaliza kunifundisha.

Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Usimpige msikilizaji, muulize msemaji kama kasema." Seva ya akiba haianzi kugawa majina kupitia kiungo kipya mpaka isikie chochote kutoka seva kuu. Na Kilosa hakuna aliyekuwa anaandika kitu kwenye seva kuu, maana ofisi nzima, hadi mfagizi, ilikuwa kwako kwenye hitima. Heshima yetu kwako ndiyo iliyotukwamisha.

Ufunguo wa ofisi alikuwa nao Mwanaidi, binti yako, karani wetu wa majina. Nilimpigia kwa aibu: atoke kwenye dua ya baba yake, aende akaandike chochote. Akaenda. Robo saa baadaye seva ya Mikumi ikaamka, majina yakafika Kidodi, malori yakapita.

Nikapekua orodha nione alichoandika. Lilikuwa shamba lako la miwa. Mbele ya jina lako: marehemu. Kazi hiyo alikuwa akiikwepa siku zote arobaini, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Nililia hapohapo, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Amri ya kuigutua seva kuu nikiwa mbali nimeshaijua. Nakuahidi, simtoi tena mwanao kwenye dua. Ijumaa nakuja kaburini kwako Chanzuru kukusomea Yasini.

Lala salama, Fundi. Lile neno "marehemu" nimelisoma mwenyewe, nimekubali.