Msiwachinje Mbuzi Kabla Beberu Hajapimwa

Mtaa wa Msimbazi,
Kariakoo.

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia upya kwa maandishi, maana juzi kwenye simu ulisema "haloo" mpaka salio likaisha. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Mimi mumeo ni mzima, ila usingizi sipati, na sababu ni yule beberu niliyekutumia.

Nimeandika barua kwa makusudi. Simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, majirani wote wanasikia, na haya ni mambo ya mbegu za kiume. Baba siwezi kumwambia, nitamtazamaje usoni? Wewe ni mke wangu, tunaambiana.

Ulisema mbuzi wa kikundi chenu cha kina mama wamepandwa wote na hakuna aliyeshika mimba, na mmekubaliana kuwa ni tasa, mtawachinja Desemba sisi wa mjini tukija kula Krismasi. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki.

Wiki iliyopita mvua ilijaza maji Jangwani, barabara ikafungwa, na daktari mmoja wa mifugo, mama wa makamo anayenunua dawa dukani kwetu, akakwama hapa. Nikamsimulia kwa majigambo beberu niliyekununulia mnadani: pembe, kifua, harufu inayomtangulia mwenyewe. Akauliza kama alipimwa. Nikamjibu ndiyo, kwenye mizani. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha uso ukabadilika.

"Beberu anaweza kupanda kutwa nzima asizalishe hata mmoja," alisema. "Mbegu zake nani ameziona?"

Jumapili akanichukua hadi zizi moja la Pugu analolihudumia. Alipima korodani za beberu kwa futi ya fundi cherehani, akazipapasa kama ziko sawa, halafu akamsogezea jike aliye kwenye joto na kukinga shahawa kwenye kichupa alichokipasha moto, kwani kikiwa cha baridi mbegu hufa na mnyama huhukumiwa bure. Nilipochungulia kwenye hadubini, niliona zinatokota kama uji. Akaletwa wa pili, mzuri kuliko wako, mwenye ndevu za kizee. Tone lake lilikuwa limetulia tu. Mbegu zilikuwa chache, nyingine hazina mikia. Bibi, niliogopa, ni kana kwamba namwona wako.

Nilipomweleza daktari kuwa wako alifika huko na homa ya safari, na kwamba mlimpeleka kwa mbuzi hivyohivyo, alitikisa kichwa. Homa huharibu mbegu, na huenda ikapita miezi miwili au zaidi kabla hazijawa nzuri tena, huku mwenyewe ana hamu ileile. Kwa hiyo pengine sasa amepona, pengine hafai kabisa. Sijui. Ninachojua ni kwamba mbuzi wenu huenda hawana kosa lolote, na zawadi yangu ndiyo inawapeleka kwenye kisu. Yule wa Mama Ndeshi ndiye aliyetegemewa azae, wajukuu wake wapate maziwa.

Nakuomba uwazuie wenzako, wewe ndiye mwenyekiti, watakusikiliza. Aitwe daktari wa mifugo wa kata ampime beberu kwanza. Akionekana hafai, Krismasi tutamla yeye. Baba mwambie kwa maneno yako, barua hii asiisikie.

Nisalimie Mama, na Mama Ndeshi jirani yetu, na wenzako wote wa kikundi.

Na wewe Upendo, dada yangu, najua ndiwe unayemsomea Bibi, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi. Sikufananishi na mnyama, Mungu anisamehe kama nasema vibaya. Lakini mumeo alikurudisha nyumbani na mizigo yako kwa sababu hukupata mtoto, na ukoo mzima ukakuita tasa kabla hujapimwa wewe wala yeye. Tangu siku ya Pugu nakuwaza wewe kuliko mbuzi. Nimeandika hapo juu kwamba Baba asiisikie barua hii. Nimebadili mawazo. Akirudi shambani jioni, mketishe, uisome tena yote kwa sauti, na hapa usiparuke.

Ni mimi, mjukuu wa Bibi na kaka yako,
Aminieli