Kwa Baba Paulo, Aliyeachiwa na Mahakama ya Rufani

Mpendwa Baba Paulo,

Wanasema uko Samunge, unalimia watu. Barua hii naipeleka huko.

Siku ile nilikuwa Karatu nanunua chumvi. Mwenye duka akaniuliza, "Mama Paulo, hujasikia? Mumeo ameachiwa kwenye rufaa. Ushahidi haukutosha." Nikakaa juu ya gunia la maharage mbele za watu. Mimi nilishakuzika moyoni, ukiwa hai, ukingoja kitanzi.

Unakumbuka tulipojenga pale Qurus? Nilikanyaga udongo nikazama hadi magotini, ukacheka mpaka ukakaa chini. Jirani yetu Bura ndiye aliyetusaidia kusimamisha nguzo. Huyohuyo Bura akaja kukutwa amekatwa mapanga mpakani mwa shamba letu. Mtu mmoja akadai alikuona ukikimbia jioni ile. Polisi wakakuta koti lako lina damu. Mahakama Kuu ikakuhukumu kunyongwa.

Nilikuja gerezani mara moja tu. Nikakuuliza, "Ni wewe?"

Ukanitazama. "Hata wewe, Mama Paulo?"

Sikurudi tena.

Sasa nimesomewa waliyosema majaji: shahidi alikuwa mbali, giza lilishaingia, na ile damu haikupimwa kujua ni ya mtu au ya mnyama. Ilikuwa ya mbuzi, Baba Paulo! Yule aliyevunjika mguu, tukamchinja asubuhi ile nyuma ya zizi, sisi wawili tu. Niliyemshika ni mimi. Nilijua. Lakini kijiji kizima kiliposema ni wewe, niliogopa, nikanyamaza, mwishowe nikaamini kama wao.

Ulipotoka ulipita nyumbani, ukambeba Paulo, ukanywa maji umesimama, ukaenda. Hukunitukana. Afadhali ungenitukana.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilisimama nikawaeleza watu wote habari ya yule mbuzi. Nje, mjane wa Bura alinishika mkono.

"Kama siye yeye," akasema, "basi ni nani? Tumekuwa tukisalimiana naye miaka yote hii?"

Tulisimama pale tukiwatazama watu wakitoka kanisani, mmoja mmoja.

Sikuombi urudi. Nataka tu ujue kwamba nimesema.

Mkeo, kama bado unaniruhusu kujiita hivyo,
Mama Paulo