Kula na Kura

Ngoingwa, Thika
Jumapili

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje na baridi hii ya Julai? Kahiga aliniambia bado unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nikajua kaka yangu amekushindwa, huambiliki. Sisi huku tu wazima. Utashangaa kupata barua wakati huko kwako Gitothua si mbali, lakini haya nikiyasema kwa simu nitalia kabla sijafika katikati.

Unajua kazi yangu ni kuzunguka shuleni nikiwapima watoto wanaosemekana kushindwa kusoma, kisha kuwashauri walimu. Mwezi wa tano niliitwa shule moja hapo Ruiru, nikaletewa msichana wa gredi ya tatu anayeitwa Shiko. Nilimpa kadi ya maneno thelathini. Palipoandikwa kula akasoma kura, palipoandikwa lala akasoma rara. Mwongozo wetu unasema herufi ikibadilika ni kosa. Nikamhesabia makosa kumi na saba, nikaandika kwamba ana tatizo la kusoma, na shule ikamrudisha gredi ya pili.

Wiki iliyopita nyanya yake, Wamboi, alikuja ofisini na Biblia mkononi. Aliniuliza kwa upole kama kweli nilimsikiliza mtoto, maana Shiko ndiye aliyekuwa akimsomea sura nzima kila jioni, macho ya nyanya mwenyewe yakiwa yameingia ukungu. Sasa hafungui mdomo. Akiombwa asome, anajibu kwamba daktari, ndivyo anavyoniita, alisema hajui.

Nilimwambia mwongozo ndio mwongozo. Mama, nilikuwa nikijificha. Siku ile ya kumpima nilimuuliza Shiko kura ni kufanya nini, akapeleka vidole mdomoni akatafuna. Alijua kila neno. Alisoma kwa lafudhi ya kwetu, vile wewe unavyosema, na vile nilivyosema mimi kabla sijasimama mbele ya kioo cha bweni nikijifundisha kutamka jina langu, Lydia. Mwenzangu wa kazi Nzioki alikuwa ameketi kando yangu. Niliogopa kwamba nikimtetea mtoto, atasikia nilikotoka.

Na si Shiko peke yake. Siku tuliyosherehekea shahada yangu, ulikuwa umejiandaa wiki nzima kuongoza maombi mbele ya wageni. Ulingoja kuitwa mpaka nikakuambia muda umeisha. Haukuwa umeisha. Nilimwambia mshereheshaji kwamba koo linakuuma, asikuite. Jioni ulinifungia chakula niende nacho, na hujawahi kuniuliza lolote. Nimeona haya tangu siku hiyo, na badala ya kukuomba msamaha nikaenda kumnyamazisha mtoto wa wenyewe.

Jumanne narudi Ruiru kuifuta ripoti mbele ya mwalimu mkuu, Nzioki na Wamboi, na nitawaambia sababu. Huenda kazi ikaniponyoka. Kinachoniogopesha zaidi ni kwamba Shiko anaweza kukataa kunisomea tena.

Nisalimie Kahiga na akina mama wa kanisani. Ukiona unaweza kunisamehe, nipigie simu, uniite lile jina nililokukataza kuniita mbele ya watu. Nimeliandika hapa chini vile wewe hulisema.

Mwanao,
Rindia