Maiki Ilikuwa kwa Mama Mkwe, Simu Ikarekodi Mfuko Wangu

Mpendwa Bi Saumu, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana hapa Migosi, Kisumu, mimi ndiye mtu wa mashine, redio ya jirani ikinyamaza huletwa kwangu, kwaya yetu ikitaka kurekodi wimbo huniita mimi, na mke wangu Lornah hajawahi kugusa vyombo vyangu kwa sababu nilimwambia mapema kwamba havitaki kushikwashikwa, kwa hiyo aibu niliyo nayo leo ni ya mtu aliyejisifu kwa miaka minane.

Mama yake Lornah, Mama Dorca, anakaa Asembo Bay na ameuza dagaa wa omena pale ufuoni miaka thelathini, mteja alikuwa anaisikia sauti yake kabla hajaiona meza yake. Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza, tukadhani ni moshi wa jikoni, kumbe ni uvimbe kooni, na madaktari wametuambia wazi kwamba ili apone lazima waondoe kisanduku chote cha sauti, analazwa Jumatano ya wiki ijayo na upasuaji ni Alhamisi. Wametupa matumaini ya kupona, lakini kuongea kwa sauti ile tuliyoizoea ndiyo basi. Lornah alilia siku mbili, siku ya tatu akaniambia, "Baba Atieno, si wewe ni mtu ya kurekodi? Twende nyumbani urekodi mama akiwa bado anaongea. Atieno iko na miaka mbili tu, hatakumbuka dani yake aliongea namna gani."

Dani kwetu ni bibi. Nikaenda mjini nikanunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya wa mita sita, na kwa kuwa simu yangu haina lile tundu la mviringo, ina la kuchaji tu, nikanunua na adapta, nikachomeka vyote, vikaingia na kukaza vizuri. Urefu wa ule waya ulinifurahisha kuliko kitu kingine, na hapa wewe ambaye si Mjaluo nikueleze kidogo. Kwetu mwanamume na maro wake, yaani mama mkwe, wanaheshimiana kwa umbali, simpi mkono, sili mbele yake, siketi karibu naye, kwa hiyo kuinama kifuani kwake nimbane maiki ni jambo ambalo hata kuliandika hapa naona haya. Nilimpa Lornah akaibana, akaibana chini ya leso, nami nikashindwa kusema ipandishe kidogo, maana ningekuwa nimeketi hapo naelekeza kifua cha mama mkwe wangu. Nikavuta waya hadi mlangoni, nikaketi nimetazama uani, simu nikaitia mfuko wa shati, nikabonyeza.

Sikujaribu kwanza, Bi Saumu. Kwaya huwa naijaribu, naiambia isimame ihesabu moja, mbili, tatu, nasikiliza, ndipo tunaanza. Lakini utamwambiaje mama mkwe wako ahesabu moja, mbili, tatu?

Aliongea saa moja na dakika kumi na mbili, akachoka, Lornah akampa maji, tukarudi Kisumu. Nilipovaa vile vya masikioni nyumbani nikajisikia mimi, pumzi yangu, shati langu likijisugua, kiti kikilia kila nikigeuka, mimi nikisema "eeh" na "kweli" kila baada ya dakika, kuku wa uani nao wazi kabisa, na huko mbali sana mama mkwe kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Kitu kimoja tu kinasikika vizuri, ni pale alipopita karibu na mlango akamwambia Lornah, "Ambia Baba Atieno anywe chai, hiyo imepoa." Moyo uliniuma hata nikazima.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Lornah aliponiuliza jioni hiyo kama imeshika, nilisema imeshika, naisafisha tu kidogo. Tangu hapo kila jioni ni, "Bado unasafisha?" nami ni, "Bado kidogo." Ameshawaambia ndugu zake wote, na mimi nikazidi kujizamisha, nikamtafuta mtu mmoja mjini anayejua mambo ya kompyuta, akaniambia nikimletea sauti ya mama hata kidogo, kompyuta itatoa sauti ileile ikisema chochote nitakachoandika. Nimemtumia jumbe tatu za sauti ambazo mama alimtumia Lornah mwaka juzi, nilizitoa kwenye simu ya Lornah akiwa anaoga, na maneno nimeanza kuandika. Nimeandika, "Mjukuu wangu Atieno, mimi ni dani yako," na hapo ndipo nimekwama tangu juzi, sijui angesema nini.

Maji yamenifika shingoni. Niambie, nimweleze Lornah ukweli wiki hii ambayo tayari ina uzito wake, au nimtengenezee hiyo sauti apate kitu cha kushika? Na unieleze pia kosa lilikuwa wapi, kwa sababu pini iliingia na kukaza.

Dalmas, Migosi.

*

Dalmas, nimekucheka. Nilijikaza nikafika kwenye moja, mbili, tatu, hapo nikashindwa. Kisha nikarudi kuitazama ile siku ya kulazwa, kicheko kikaisha. Gazeti linatoka Jumatatu na wewe huna nafasi ya kusubiri Jumatatu, kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa simu leo Ijumaa, wasomaji watalikuta mambo yameshatendeka.

Nianze na pini, maana najua usipojibiwa hilo hutasikia mengine. Barua yako nilimsomea Huzaifa, fundi wa simu aliye ghorofa ya chini ya ofisi yetu, jina lako nikalificha. Hakuningoja nimalize. Aliuliza, "Hiyo pini yake iko na vipete vyeusi vingapi?" Nikamwambia mwandishi hakusema. Akasema, "Basi ni viwili."

Itoe sasa hivi uitazame. Kwenye ile pini ya chuma kuna vipete vyeusi vinavyoigawa. Vikiwa viwili, pini ina sehemu tatu, na hiyo ni maiki ya kamera. Vikiwa vitatu, sehemu ni nne, na hiyo ndiyo ya simu. Simu inangoja sauti ya maiki kwenye sehemu ya nne, ambayo pini yako haina. Kwa hiyo simu iliamini umechomeka vya kusikilizia tu, ikaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe, ile ndogo ya chini, ambayo ulikuwa umeitia mfukoni. Kuingia na kukaza hakumaanishi chochote, Dalmas. Mashimo yanafanana kwa kila mtu.

Dawa yake ni kiwaya kifupi cha kugeuza pini ya maiki ya kamera iwe ya simu. Mwambie muuzaji ni kwa ajili ya maiki, asikupe kile cha watu wawili kusikiliza muziki pamoja. Adapta nayo uichunguze, kuna nyingine zinapitisha sauti ya kwenda masikioni tu, ya kuingia hazipitishi. Nenda na simu yako na maiki yako, uchomeke palepale dukani, uanze kurekodi, kisha ukune maiki kwa ukucha, halafu ukune simu kwa ukucha, halafu usikilize. Ikiwa mkwaruzo wa maiki ndio mkubwa, lipa. Ikiwa wa simu ndio mkubwa, rudisha. Huzaifa alipofika hapo akasema, "Kukuna tu na ukucha, sekunde tano. Mama wa watu ahesabu ya nini?"

Umeona? Mtu mzima mwenye jina mtaani, ukucha wa kidole ungekuokoa na heshima ya mama mkwe isingeguswa.

Hicho kiwaya usipokipata kesho, usizunguke mjini siku nzima. Iache maiki nyumbani. Simu yenyewe inarekodi vizuri ikiwa karibu na mtu, kilichokuangusha ni umbali na shati. Iwekwe juu ya taulo iliyokunjwa kwenye kigoda, upande wa chini umtazame Mama Dorca, shubiri mbili kutoka mdomoni. Mtandao uzimwe ili asipige mtu katikati. Chaji ijae, nafasi iwepo, kuku wafukuzwe uani. Warekodi dakika mbili, wasikilize, ndipo waendelee.

Ile ya kwanza usiifute, hata kama Huzaifa anasema kelele za shati lako zitashinda kila dawa ya kompyuta. Iweke tu.

Nimesema warekodi, na nina maana yangu. Wewe hutakuwepo.

Mimi sikulelewa kwa desturi yenu, lakini nimezaliwa Nyalenda nikakua na majirani Wajaluo pande zote nne, na harusi zao nimezila. Hiyo heshima ya mkwe sioni ubaya wake. Wewe ndiye uliyeizunguka kwa waya wa mita sita. Desturi ilikuwa inakuambia wazi nani aishike simu, ni binti yake, na wewe binti yake hujamruhusu kugusa chombo chako miaka minane. Halafu nakuuliza jambo. Uliketi pale mlangoni zaidi ya saa nzima ukimsikia kwa masikio yako. Kwenye barua umeniandikia habari za kuku, za kiti, za pumzi yako, na chai. Neno moja alilomwambia mjukuu wake hujaliandika. Nadhani ni kwa sababu hakulisema. Mbele ya mkwe mama anashukuru Mungu, anashukuru kwa nauli, anataja wagonjwa wenzake, anawaombea safari njema. Ya ndani atayatoaje wewe umekaa mlangoni na "eeh" yako? Hata maiki ingefanya kazi, ungekuwa na saa nzima ya adabu.

Sasa huyo mtu wa kompyuta. Mpigie leo umwambie aache, afute zile jumbe tatu, na akuthibitishie amefuta. Uliziiba kwenye simu ya mkeo akiwa anaoga, na jambo hilo nalo utamwambia. Ulitaka kumpaka Lornah mafuta kwa mgongo wa chupa, na mtoto naye akue akiyapenda maneno ya baba yake akidhani ni ya dani yake. Mimi ningekuelewa kama mama angekuwa ameshanyamaza na huna pengine pa kwenda, ningekulaumu lakini ningekuelewa. Hali yako si hiyo. Umekwama kwenye sentensi ya pili kwa sababu hujui angesema nini, na anayejua yuko Asembo Bay, safari isiyomaliza hata asubuhi moja.

Ukweli Lornah aambiwe leo, kabla hajaanza kuuliza. Mwambie hivi: "Sikujaribu maiki, haikushika. Nilikudanganya kwamba naisafisha. Nilichukua sauti za mama kwenye simu yako bila kukuuliza." Uishie hapo. Usianze na vipete, usianze na adapta, usimweleze jinsi maduka yanavyouza vitu vibovu, maana ukianza na hayo atakusikia unajitetea. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika, na wiki hii machozi yake yako karibu, kwa hiyo usimwambie anyamaze. Akimaliza mpe simu mkononi. Mfundishe kukuna kwa ukucha. Mfundishe mahali pa kubonyeza kuanza na mahali pa kubonyeza kumaliza, na umwache afanye mwenyewe mara tatu wewe ukiwa umeikunja mikono.

Najua unaogopa, na sikusuti kwa hilo. Mtu anayeitwa fundi akiharibu kitu kisichorudiwa, huanza kuficha. Ila hiki kinarudiwa. Wengi wananiandikia yakiwa yamekwisha, na kwao sina la kufanya ila pole, wewe umeandika mapema na hujui bahati uliyo nayo.

Kesho au keshokutwa mpeleke Lornah na mtoto nyumbani kwao. Wafikishe, msalimie mama kwa umbali wako wa siku zote, ufukuze kuku uani na uondoke, nenda ufuoni ukae huko mpaka uitwe. Usiombe kuisikiliza safarini. Yakiwemo yako humo Lornah atakuambia, na asipokuambia hayakukuhusu.

Uliniuliza kama utengeneze sauti ya Mama Dorca. Dalmas, bado anaongea. Mpaka alazwe zimebaki siku nne, na kila siku anachoka mapema kuliko jana. Weka simu chini umwite Lornah.

Bi Saumu